Shajara ya makro: kodi za nyumba 146, kitufe kimoja

Jumamosi, 4 Januari 2025. Hali ilivyo

Ofisi yetu iko River Road, Nairobi, ghorofa ya tatu. Tunasimamia ploti nne za kupangisha: A na B ziko Kayole, C iko Umoja, D iko Pipeline. Jumla nyumba 146. Kodi zote huingia kwa nambari moja ya Paybill, ile ya biashara kupokelea malipo ya M-Pesa, na mpangaji anatakiwa aandike nambari ya nyumba yake pale pa akaunti. Hilo "anatakiwa" ndilo limenifanya nianze kuandika shajara hii.

Kila mwezi kazi ni ileile. Mwisho wa kulipa ni tarehe 5. Tarehe 6 napakua stetimenti ya M-Pesa, naifungua kwa Excel, naondoa mistari ya ada na ya pesa zilizohamishiwa benki, kisha naanza kusoma mstari mmoja mmoja: huyu ni nani, nyumba gani, amelipa yote au nusu. Nikimaliza natoa listi ya wadaiwa kwa kila ploti na kuwatumia wasimamizi. Kisha kuna hesabu ya kodi ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ya kila mwenye nyumba, ambayo lazima iwe imelipwa kufikia tarehe 20. Desemba nilipima: siku mbili na nusu, na shingo iliyokakamaa.

Nataka kompyuta ifanye zile sehemu ambazo mimi huzifanya bila kufikiri. Sijawahi kuandika programu. Nina Excel ya ofisini na Jumamosi zangu. Nitaandika hapa kila hatua ikikamilika, na gharama zake, ili mwenye kazi kama hii asirudie makosa yangu.

Jumamosi, 11 Januari. Kurekodi

Makro ni msururu wa amri ambao Excel huurudia yenyewe. Mahali pa kuanzia ni kinasa makro: View, Macros, Record Macro. Unabonyeza, unafanya kazi yako kama kawaida, unasimamisha, na Excel inaandika ulichofanya kwa lugha yake ya VBA. Bonyeza Alt na F11 uisome. Lugha yenyewe iliingia Excel mwaka 1993, kwa hiyo imenizidi umri, nami nimeipa heshima zake.

Nilirekodi usafishaji wa stetimenti ya Desemba. Nikajaribu tena kwenye nakala ya stetimenti hiyohiyo: sekunde tatu. Nikacheka peke yangu ofisini.

Kisha nikaijaribu kwa Novemba na kicheko kikaisha. Stetimenti ya Desemba ilikuwa na mistari 212, ya Novemba 231. Kinasa hakielewi "chukua mpaka mwisho". Kiliona nimechagua mpaka mstari wa 212, kikaandika 212. Mistari kumi na tisa ya mwisho ya Novemba haikuguswa, wala hakukuwa na onyo lolote. Hilo ndilo lililonitisha: makro ilimaliza kwa furaha kabisa.

Suluhisho ni kuifundisha itafute mwisho yenyewe. Inashuka hadi chini kabisa ya laha, mstari wa 1,048,576, kisha inapanda kwa End na xlUp mpaka igonge seli ya kwanza yenye kitu. Nambari hiyo naiweka kwenye jina "mwisho", na kila pahali palipokuwa na 212 sasa pana "mwisho". Pia juu kabisa ya msimbo nimeandika Option Explicit. Bila hiyo, ukikosea ukaandika "mwsho", Excel haisemi kitu. Inaumba jina jipya lisilo na chochote ndani na kuendelea na safari.

Gharama: saa nne. Pesa hakuna.

Jumamosi, 18 Januari. Mistari inayokataa kufa

Leo ni kuondoa mistari ya ada. Niliandika kitanzi: anza mstari wa 2, shuka hadi mwisho, ukikuta neno la ada, futa. Mingi ikafutika, michache ikabaki. Nikaiendesha tena, ikapungua. Mara ya tatu ikaisha. Kwa muda nilidhani ni kama sufuria ya ugali, lazima usugue mara tatu.

Sababu niliiona nilipopita hatua kwa hatua kwa F8. Ukifuta mstari wa 10, uliokuwa wa 11 unapanda kuwa wa 10. Kitanzi nacho kimeshasonga kwenda 11. Kwa hiyo ada mbili zikifuatana, ya pili inarukwa. Dawa ni kutembea kinyumenyume:

For i = mwisho To 2 Step -1

Ukianzia chini, kinachopanda ni kile ulichokwisha kukikagua.

Kosa la pili la siku lilikuwa baya zaidi. Niliendesha makro kwenye faili halisi badala ya nakala, na neno la kutafuta nilikuwa nimeliandika fupi mno, ikafuta na malipo ya watu. Nikakimbilia Ctrl na Z. Hakuna. Makro ikishabadilisha laha, historia ya kurudi nyuma inafutwa. Nilifunga faili bila kuhifadhi, nikapoteza kazi ya asubuhi nzima lakini data ikapona.

Tangu leo makro haifuti chochote. Stetimenti inabaki ilivyo kwenye laha yake, na mistari mizuri inanakiliwa kwenye laha mpya. Na jambo la kwanza inalofanya ikiamka ni kuhifadhi nakala ya faili yenye tarehe ya siku kwenye jina. Flashi ya kuwekea nakala: shilingi 900.

Alhamisi, 6 Februari. Ploti nzima ya wadaiwa

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kazi ya kweli. Nilikuwa nimeongeza hatua moja mwishoni mwa Januari: makro inafungua yenyewe faili ya stetimenti badala ya mimi kuifungua. Napakua kuanzia 1 Januari mpaka leo, ili niwaone na waliochelewa mwezi uliopita, halafu makro inachuja za Februari.

Saa nne na robo asubuhi nilikuwa nimeshatuma listi kwa wasimamizi wote wanne. Nilijiona fundi. Saa nne na dakika ishirini simu ikalia, mzee anayesimamia ploti A.

"Binti yangu, hii listi umeitoa wapi?"

"Kwa stetimenti, mzee. Kuna shida?"

"Hakuna shida. Ni vile tu umeniandika na mimi."

Listi ilikuwa na nyumba 118 kati ya 146. Wasimamizi wawili walikuwa tayari wameanza kubisha milango. Nikawapigia wote wasimame, nikaomba radhi, nikafanya kazi yote kwa mkono mpaka saa mbili usiku. Nikifungua stetimenti kwa mkono tarehe ziko sawa. Makro ikiifungua, watu wanapotea.

Jumamosi, 8 Februari. Kwa nini

Nimepata, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu hili litampata kila mtu wa Kenya atakayejaribu.

Nilichukua wale 28 ambao makro ilikubali kwamba wamelipa, nikazitazama tarehe zao kwenye stetimenti ya asili. Wengi walikuwa wamelipa tarehe 2 Februari. Siyo 1, siyo 3. Tarehe 2 tu. Waliosalia walikuwa wamelipa tarehe 2 Januari, na mmoja wao, D9, alihama katikati ya Januari! Makro ilikuwa inaniambia mtu aliyehama amelipa kodi ya Februari.

Kwa Februari, tarehe 02-02 ndiyo pekee ambayo hata ukiigeuza inabaki ileile. Na 02-01, ukiisoma mwezi kwanza, inakuwa 1 Februari.

Basi ndivyo ilivyo. Ukibofya mwenyewe faili ya CSV (data ya maandishi matupu, kama stetimenti hii), Excel inasoma tarehe kwa mipangilio ya kompyuta yako, na yangu ni ya Kenya, siku kwanza. Lakini makro ikiifungua, Excel inasoma Kimarekani, mwezi kwanza, isipokuwa uiambie vinginevyo. Aliyelipa 03-02 akawa amelipa tarehe 2 Machi. Wa 05-02 akawa 2 Mei. Na wale wa kuanzia 13 Januari, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, tarehe zao zilibaki maandishi tu. Ukitazama kwa makini utaziona: tarehe halisi husimama upande wa kulia wa seli, maandishi hujipanga kushoto. Safu yangu ilikuwa imekaa kama meno yaliyopotoka, na mimi niliipita bila kuiona.

Dawa ni maneno mawili mwishoni mwa amri ya kufungua faili: Local:=True. Siku mbili za aibu kwa maneno mawili.

Sikuishia hapo. Sasa makro, kabla ya kufanya lolote, inaangalia kila tarehe. Ikikuta moja iliyo nje ya kipindi nilichopakua, au isiyo tarehe, inasimama na kunionyesha mstari. Na listi hazitumwi tena na mtu aliyejawa na furaha. Nasubiri nusu saa, nakunywa chai, nachagua majina matano na kuyakagua kwa macho.

Gharama: nauli ya kwenda Kayole na kurudi kuomba msamaha ana kwa ana, na soda mbili, 340. Mzee alikubali soda. Ameniita "Bi Kompyuta" tangu siku hiyo.

Jumamosi, 22 Februari. B7 ina majina mangapi?

Kazi ya leo ilikuwa kusafisha kile watu wanachoandika pale pa akaunti. Kwa nyumba B7 pekee, tangu Oktoba, nimekuta: B7, b7, B 7, B-7, B07, "nyumba b7", "B7 kayole" na "B7 feb". Mwingine wa C10 huandika herufi O badala ya sufuri kila mwezi, bila kukosa, kama mtu wa kanuni.

Kanuni zangu: geuza yote kuwa herufi kubwa, ondoa nafasi, vistari na nukta, ondoa maneno NYUMBA na majina ya mitaa na miezi, kama kuna sufuri kati ya herufi na nambari, iondoe, kama O imekaa baada ya nambari, ifanye sufuri. Kinachobaki kinapaswa kuwa na sura ya herufi moja ya A hadi D na nambari, kitafute kwenye orodha ya wapangaji. Kuna nafasi nyingine isiyoonekana, herufi nambari 160, ambayo Trim haiigusi. Iondoe kwa Replace, la sivyo utalia mbele ya maneno mawili yanayofanana kabisa ambayo Excel inasema si sawa.

Hapa nilitafuta msaada. Kijana mmoja anayefundisha VBA alinikalia saa mbili kwa 3,000. Kabla ya kumwonyesha faili nilibadilisha majina na nambari zote za simu kuwa za uongo. Hizo ni data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisemi "isipokuwa kama unajifunza". Alinifundisha pia kuzima uchoraji wa skrini makro ikiwa kazini: Application.ScreenUpdating = False, na kuirudisha True mwishoni. Kutoka karibu dakika moja hadi sekunde sita. Pesa iliyotumika vizuri.

Aliniachia na zawadi nyingine ambayo nitaieleza hapa chini.

Ijumaa, 7 Machi. Mama wa C11

Alikuja mwenyewe saa tano, akapanda ngazi zote tatu, akiwa bado na unga kwenye kingo za leso. Huuza chapati karibu na steji. Mkononi alikuwa na ile karatasi ya onyo iliyobandikwa mlangoni mwake, ameikunja mara nne. Hakupaza sauti. Aliiweka juu ya kibodi yangu, kisha akaweka simu juu ya karatasi.

"Soma hiyo, halafu usome hii."

Ujumbe wa M-Pesa ulikuwa wazi: 8,500, tarehe 4 Machi, umetumwa kutoka simu ya mwanawe. Pale pa akaunti kijana aliandika KODI MACHI. Nilitafuta ule msimbo wa muamala wa herufi kumi kwenye stetimenti nikaukuta mstari wa 63. Nikaenda laha ya matokeo: mstari wa 63 umeandikwa nyumba B7. B7 mwenyewe alikuwa mstari wa 62.

Nilimpa kiti na chai. Jumla za siku hiyo zilikuwa zimelingana hadi shilingi ya mwisho, maana nilikuwa nimeshaweka hesabu ya ulinzi: zilizoingia kwenye stetimenti lazima ziwe sawa na zilizogawiwa nyumba. Na zilikuwa sawa. Pesa yote ilikuwemo, ila imekaa kwa jirani.

Ile zawadi ya kijana ilikuwa mstari mmoja: On Error Resume Next. Alisema unaizuia makro kukwama-kwama. Kweli haikwami. Ikikuta KODI MACHI, inatafuta kwenye orodha, inakosa, inapaswa kulalamika, lakini imezibwa mdomo. Basi inaendelea, na lile jina "nyumba" bado limebeba jibu la mstari uliotangulia. B7. Inaandika B7 na kusonga.

Nilimwomba mama msamaha, nikampigia msimamizi wa ploti C aitoe ile onyo kwenye rekodi, nikaandika barua yenye muhuri kwamba amelipa. Aliisoma barua yote mpaka muhuri. Alipofika mlangoni akageuka: "Mwambie hiyo mashine yako, asiyejua njia huuliza." Sijapata maelezo bora zaidi ya kosa hili.

Jumamosi, 15 Machi. Kuifundisha kuuliza

Nimeiondoa On Error Resume Next kila mahali. Kutafuta kwenye orodha, badala ya WorksheetFunction.VLookup natumia Application.VLookup, ambayo ikikosa hairushi hitilafu, inarudisha jibu la kosa unaloweza kulipima kwa IsError. Na jina "nyumba" linafutwa kuwa tupu mwanzoni mwa kila mstari kabla ya kutafuta lolote. Hatua hiyo moja tu ingetosha kumwokoa mama wa C11.

Mstari usiopata nyumba unakwenda kwenye laha inayoitwa Wasiojulikana, pamoja na jina la mlipaji, na mimi napiga simu. Nilifikiria kuifanya makro ikisie kwa kiasi cha pesa, 8,500 ni ploti C na kadhalika. Nimekataa. Kukisia ni kazi yangu, na nikikisia vibaya nataka niwe mimi, mtu anayeweza kukaripiwa.

Nimeongeza na ukaguzi wa pili, kwa sababu jumla haikunisaidia: nyumba yoyote iliyopokea zaidi ya kodi yake inapakwa manjano na haiendi popote mpaka niiangalie. B7 ingewaka mara moja.

Siku hiyohiyo nilikuta kosa lililokuwa linanisubiri kwenye hesabu ya KRA. Nilinakili fomula kutoka faili ya zamani ya ofisi, na ndani yake kiwango kilikuwa asilimia 10. Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ilishuka hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024. Tungelipisha wenye nyumba robo tatu... hapana, theluthi moja zaidi ya inavyotakiwa. Kiwango sasa kinakaa kwenye laha ya Mipangilio, seli moja yenye mpaka mwekundu, pamoja na siku ya mwisho ya kulipa. Nambari yoyote inayoweza kubadilishwa na Bunge haifai kulala ndani ya msimbo.

Jumamosi, 22 Machi. Kompyuta ya pili

Nilimtumia mwenzangu faili kwa barua pepe. Kwake ukatokea mstari mwekundu: makro zimezuiwa, na hakuna kitufe cha kuruhusu. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Funga faili, bofya kulia, Properties, weka alama kwenye Unblock. Faili pia lazima iwe ya aina inayobeba makro, kama xlsm. Ukihifadhi kama xlsx ya kawaida makro zinatupwa.

Mkubwa wetu alikuwa amesikia kwamba makro ni virusi, akataka maelezo. Hakukosea sana: Melissa, mwaka 1999, ilisambaa duniani kwa barua pepe ikiwa ndani ya makro ya Word. Tumekubaliana: faili inapita kwa flashi pekee, na makro ya mtu tusiyemjua haifunguliwi kamwe.

Nilijaribu pia nyumbani kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel. Usafishaji ulifanya kazi, ufunguaji wa faili haukufanya. Sikufuatilia.

Jumatatu, 7 Aprili. Hesabu ya mwezi

Stetimenti mistari 238. Makro: sekunde tisa. Ukaguzi wa macho, manjano mbili, simu kwa wasiojulikana: saa mbili na dakika kumi. Listi zimetoka kabla ya chakula cha mchana. Manjano zote mbili zilikuwa watu waliolipa miezi miwili kwa pamoja.

Pesa kwa miezi mitatu: mafunzo 3,000, flashi 900, Kayole 340, na nauli ya mama wa C11 ya kuja na kurudi niliyomrudishia kutoka mfukoni mwangu, 160. Jumla 4,400. Jumamosi sita na ushee sijazihesabia bei.

Anayetaka kunakili aanze na laha ya Wasiojulikana kabla ya kitu kingine chochote, halafu ule ukaguzi wa tarehe. Kinasa na mapambo vitakuja.

Leo kuna watatu huko. Wawili nimeshawapata. Wa tatu ameandika MUNGU NI MWEMA pale pa nambari ya nyumba, 7,000, na simu yake inalia bila kupokelewa. Nitajaribu tena saa kumi.